Mizani ya Saa Kumi

Asubuhi, kilo sabini na nne na nusu.
Saa kumi jioni, sabini na nane.
Hakuna chakula kinachomjaza mtu hivyo
kati ya uji na chai ya jioni.
Ni maji, Orest. Ni maji tu.
Anavua viatu, anapanda tena,
kana kwamba mizani ndiyo iliyokunywa.

Mimi ni wa Kondoa.
Kwetu foleni ya kisima ilimtangulia jogoo.
Mama alininyima mengi: sukari, ruhusa, sifa,
lakini mtu akibisha hodi, hata yule tunayemdai,
alipewa maji kwanza, maneno baadaye.
Sasa nalipwa kwa saa, hapa Saskatoon,
nizunguke na funguo kiunoni
nikifunga mabafu, mtu mzima asinywe.
Nilipomweleza Mama kazi hii kwenye simu
alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Maji, Mwasiti? Unamnyima mtu maji?"

Mama, hujamwona.
Mimi nimemkuta amelala chali bafuni, saa tisa usiku,
mdomo wazi chini ya bomba la mvua.
Nimemkuta na chombo cha maua, maua yamewekwa kando kwa adabu.
Nimemkuta na kikopo cha kuoshea brashi za rangi,
midomo ya buluu.
Oktoba alianguka ukumbini
akatetemeka kama bati lililong'oka msumari,
damu ya ulimi kwenye kidevu,
na maabara wakapiga wenyewe, hawakungoja karatasi:
chumvi ya damu, mia na kumi na nne.

Miaka kumi na tisa chini ya ardhi, akichimba potashi,
chumvi kwenye kope, chumvi kwenye mkate wa mchana,
halafu nusura afe
kwa kukosa chumvi.

Daktari Pelletier anao ugonjwa wenye jina refu.
Orest ana neno moja: "Vumbi."
Anagusa koo. "Bado lipo."
Sibishani na vumbi lake, wala silikubali.
Nampa kipande cha barafu, akimumunye polepole.
Nampa pipi ya ndimu, jojo isiyo na sukari.
Dawa mpya inadai damu yake kila wiki,
naye anaunyoosha mkono huku akitazama dirisha.
Na kikombe ni chekundu, alikichagua mwenyewe:
kimoja kila saa, tunaandika wote wawili,
yeye kwa penseli, mimi kwa kalamu.
Asipovuka sabini na saba, baada ya chai
tunacheza karata. Ananiibia waziwazi.

Kwetu kata ni ya kutekea.
Unakata kiu nayo.
Hapa nimejifunza kukata maji
na bado natafuta mkono wa kukatia
usiofanana na mkono wa mnyimi.

Januari tulikuwa tumefunga kila bomba
tukasahau mbingu.
Nikatoka uani bila koti, baridi ikanishika meno,
naye amepiga magoti kwenye theluji, viganja vimejaa,
ndevu nyeupe, anatafuna.
Nilitaka kufoka. Nikachuchumaa.
"Ngapi?" nikamuuliza.
Akafikiri kwa muda mrefu, kama karani mwaminifu.
"Tano. Hii ya sita."
Ile ya sita hakuila.
Aliibeba mpaka ndani, ikimchuruzika kwenye mikono ya sweta,
akaitia kwenye kikombe chekundu, akasema:
"Hii nayo ihesabiwe."

Tukasubiri iyeyuke.
Haikufika hata nusu.

Siku ile mizani ilisema sabini na saba na robo.
Hatukucheza karata, alinuna, akapiga mlango teke.
Wiki iliyofuata alikunywa kwenye tangi la choo.
Sisemi amepona.

Lakini Mama sasa akipiga simu
haniulizi habari za baridi wala za mshahara.
Anaanza na mtu wangu:
"Leo kapanda ngapi?"
Namtajia. Nasikia upande wa pili
kifuniko cha mtungi kikirudishwa taratibu,
naye anarudia namba ile kwa sauti ya chini,
asije akaisahau.